Oili gani kwa injini ya L24 ya Datsun 240Z ya rali, na unaifuatiliaje?

#1 PwaniZ

Wakuu, habari zenu. Gari ni Datsun 240Z ya 1972, injini ni L24. Silinda zimepanuliwa hadi milimita 84, kamshafti ni ya kusagwa upya yenye mwinuko mkubwa, springi za vali ni ngumu kuliko za kiwandani, kabureta ni Weber 40 DCOE tatu. Nafasi ya beringi kubwa za krenki ni 0.055 mm, za konrodi 0.050 mm. Inaandaliwa kwa rali ya magari ya zamani: kuanzia pwani, joto na vumbi la Tsavo, kisha kupanda hadi Nairobi.

Madukani nimepata aina tatu: 20W-50 ya madini iliyoandikwa API SL (herufi za daraja la ubora wa oili), 10W-60 sinthetiki ya API SN, na 15W-40 ya dizeli ya CI-4. Muuzaji mmoja anasema sinthetiki itavujisha sili za gari la zamani, mwingine anataka niongeze kichupa cha zinki. Naomba majibu yenye namba.

#2 MzeeTapeti

Mkuu, kabla ya kugusa chupa yoyote, elewa kinachoumia kwenye L24. Kamshafti iko juu ya silinda hedi, na mbegu zake (vile vinundu vinavyosukuma roka ili vali ifunguke) hazibingiriki, zinasugua uso wa roka. Pale mbegu inapoanza kuinua vali, mgandamizo unakuwa mkubwa kiasi kwamba tabaka la oili linabanwa hadi chuma kinakaribia kugusa chuma. Hapo kinachookoa ni ile nyongeza ya zinki na fosforasi: kwa joto na msuguano inavunjika na kuacha utando mwembamba wa fosfeti juu ya chuma. Utando ndio unaochakaa badala ya mbegu, na oili inaujenga tena.

Fosforasi huharibu kifaa cha kusafisha moshi cha magari ya kisasa, ndiyo maana imekuwa ikipunguzwa. Kuanzia API SM ya 2004, oili nyepesi za petroli kama 5W-30 na 10W-30 zinatakiwa ziwe na fosforasi kati ya 600 na 800 ppm (sehemu kwa milioni). Wengi hawaoni jambo moja hapa: kikomo hicho cha juu kinazibana gredi nyepesi, hakizibani 20W-50 wala 15W-50. Kwa hiyo herufi SN kwenye kopo la 20W-50 hazikuambii kama fosforasi ni 700 au 1,200. Usihukumu kwa herufi. Tafuta karatasi ya takwimu ya oili hiyo kwa mtengenezaji, au pima oili mpya maabara.

Kwa springi zako, lenga fosforasi ya 1,000 hadi 1,400 ppm. Valvoline kwa mfano wanatangaza kama 1,300 kwa VR1 20W-50 yao. Ile CI-4 ya dizeli kwa kawaida huangukia ndani ya lengo hili, na sabuni yake (dawa ya kusafisha iliyomo ndani ya oili) ni nyingi, hivyo inabeba masizi na uchafu vizuri.

Kichupa cha zinki achana nacho. Nyongeza hizi hupangwa kwa uwiano na sabuni pamoja na dawa ya kuzuia povu. Ukimimina juu yake bila kipimo unaweza kuvuka 2,000 ppm, na huko dawa yenyewe inaanza kula chuma.

Halafu jambo ambalo hakuna oili itakayokutibia: kamshafti iliyosagwa upya ina duara la msingi dogo, hivyo roka inakaa pembe tofauti. Lazima lashi padi (vile vipande vidogo vilivyo kati ya roka na vali) zibadilishwe ziwe nene zaidi. Paka uso wa roka wino wa maka, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili, fungua utazame. Alama ya msuguano ikae katikati ya uso wa roka. Ikifika ukingoni, mbegu italiwa ndani ya saa chache hata ukimimina oili ya bei gani.

#3 Mnato40

MzeeTapeti kamaliza upande wa dawa. Upande wa mnato ni hivi.

Namba ya pili, ile isiyo na W, ni mnato kwenye nyuzi 100. Gredi ya 40 ni sentistoki 12.5 hadi chini ya 16.3, gredi ya 50 ni 16.3 hadi chini ya 21.9. Namba yenye W ni ya baridi: 20W hupimwa maabara kwa kuiga uwashaji wa injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Njia yako yote haina baridi ya namna hiyo, Nairobi alfajiri ni kama nyuzi 10 juu ya sifuri. Kulipia 0W au 5W hapa ni kununua koti la theluji Mombasa.

Beringi zako ziko sawa na kanuni ya zamani ya mafundi: elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo. Jeno kubwa la L24 (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi) ni karibu milimita 55, la konrodi karibu 50, na wewe una 0.055 na 0.050. Kwa nafasi hizo, gredi ya 40 inatosha oili ikikaa nyuzi 90 hadi 105. Ikivuka 115 kwa muda mrefu, nenda 50. Kwa hiyo swali la kwanza ni oili yako inafika nyuzi ngapi, na geji ya maji haikujibu hilo. Maji yanaweza kusimama 85 huku oili ikiwa 130.

Namba nyingine ya kutafuta kwenye karatasi ya takwimu ni HTHS, mnato kwenye nyuzi 150 oili ikiwa inakatwa kwa kasi kubwa, karibu na hali halisi ndani ya beringi. Kwa 15W-40 na kwa gredi ya 50 kiwango cha chini ni 3.7. 20W-50 nzuri hupita 4.5. Hii ni muhimu kuliko jina lililo kwenye kopo.

10W-60 si mbaya, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya pampu na nafasi kama zako. Inapandisha presha kwenye geji, na watu hufurahi. Lakini presha ni ukinzani, haikuonyeshi mtiririko. Oili nzito isiyo na sababu inapita kidogo kwenye beringi, inapasha joto zaidi, na vali ya kupunguza presha inafunguka mapema na kuirudisha. Halafu pengo la 10 hadi 60 linashikiliwa na polima nyingi, na polima hukatika. Waweza kuanza na 60 ukamaliza na 50.

Kuhusu sili: sinthetiki haitoboi sili nzima. Inachofanya ni kusafisha ugando uliokuwa umeziba sili iliyokwisha kukauka. Ovahoo yako kama ilibadilisha sili zote, hofu hiyo iondoe.

#4 Bonde_la_Ufa

Wadau mnazungusha sana. 240Z ilishinda Rali ya Safari 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya maabara mfukoni. 20W-50, badilisha kila kilomita 3,000, basi.

#5 Mnato40

Kaka, ushindi ule hakuna anayeubeza. Ila magari yale yalikuwa na timu ya kiwanda nyuma yake na injini ilifunguliwa baada ya mbio. PwaniZ anataka injini hii idumu miaka. Na 20W-50 pia ndiyo naipendekeza kwa joto la Tsavo. Tofauti ni kwamba nataka ahakikishe kama inabaki 50 baada ya kilomita 1,500.

#6 Geji_na_Bomba

Ongezeni vipimo kabla ya kubishana oili.

Geji ya presha ya dashibodi ya 240Z ni ya umeme, inachelewa na mara nyingi inadanganya. Funga ya mitambo yenye bomba la waya wa kusuka. Angalizo: tundu la sensa kwenye bloku ni 1/8 BSPT, meno 28 kwa inchi. Viunganishi vingi vya Kimarekani ni NPT, meno 27. Vinaingia mizunguko miwili mitatu vikikudanganya kuwa vimekaa, kisha vinakaba. Ukilazimisha, unaharibu meno ya bloku au unavuja oili. Nunua adapta sahihi, usitegemee tepu.

Joto la oili lipime kwenye sampu. Kisha andika presha na joto PAMOJA, kila mara. Psi 45 kwenye nyuzi 70 na psi 45 kwenye nyuzi 110 ni habari mbili tofauti kabisa. Oili ikiwa moto, tarajia angalau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika hadi vali ya kupunguza presha ifunguke. Bila kukanyaga mafuta, psi 12 au 15 ya moto si ugonjwa. Ugonjwa ni namba kushuka ukilinganisha na wiki iliyopita kwa joto lile lile.

Kipoza oili kifunge, lakini kiwe na thamostati inayofunguka karibu nyuzi 80. Bila thamostati utakimbia asubuhi na oili ya nyuzi 60, maji na petroli havichemki kutoka, na utaona uji mweupe chini ya mfuniko.

Filta ya L24 imelala ubavuni mwa bloku, kwa hiyo chagua yenye vali ya kuzuia oili isirudi. Isipokuwa nayo, kila asubuhi kamshafti inazunguka sekunde kadhaa ikiwa kavu. Na kama kamshafti yako inalishwa na bomba la kunyunyizia, kagua viungo vyake kila ukifungua mfuniko wa tapeti. Vikilegea, oili inamwagika pale pale kwenye kiungo na mbegu za mwisho zinakosa.

#7 PwaniZ

Asanteni sana wakuu. Niliweka 20W-50 ya madini. Fosforasi ya oili mpya kwa maabara ilitoka 1,080 ppm, mnato 18.6. Baada ya kilomita 1,400, pwani hadi Nairobi na kurudi, majibu ni haya (metali, silikoni na sodiamu ni kwa ppm):

Chuma 41. Shaba 9. Risasi 6. Bati 1. Alumini 14. Kromi 2. Silikoni 33 (oili mpya ilikuwa 5). Sodiamu 4. Petroli asilimia 4. Maji hakuna. Mnato kwenye nyuzi 100: 14.3. TBN (akiba ya oili ya kupambana na asidi) imetoka 7.4 hadi 5.6.

Presha ya moto kwa mizunguko 3,000 ilikuwa psi 48, sasa ni 37 kwa nyuzi zile zile 105.

#8 BiSampuli

Majibu mazuri kwa sababu una oili mpya ya kulinganisha. Bila hiyo, silikoni 33 ingekuwa fumbo, maana dawa ya kuzuia povu yenyewe ni silikoni.

Anza na mnato. Umenunua 50, sasa una 40 ya katikati. TBN bado ni nzuri, yaani oili haijazeeka. Imechanganyika na petroli. Asilimia 4 ni nyingi. Mimi juu ya 2 natafuta chanzo, juu ya 4 namwaga siku hiyo hiyo. Polima nazo zimechangia, ila mshtakiwa mkuu ni petroli. Geji yako imesema jambo lile lile, psi 11 zimepotea.

Pili, silikoni imepanda 28 na alumini 14 pamoja. Zikipanda pamoja ni udongo, na udongo wetu mwekundu una alumini na chuma ndani yake. Silikoni ikipanda peke yake baada ya ovahoo, mara nyingi ni gundi ya gasketi. Wewe unavuta vumbi. Na vumbi likishaingia ndani ya oili ni msasa: chuma 41 kwa kilomita 1,400 kwa injini iliyokwisha kulainika ni juu. Sehemu yake ni ringi na silinda, sehemu yaweza kuwa mbegu.

Risasi 6 na bati 1: beringi bado zinapumua vizuri. Shaba 9 bila risasi kupanda nayo ingenifanya nitazame kipoza oili kipya, maana shaba yake hujiachia mwanzoni kisha hutulia. Sodiamu haijasogea, hivyo maji ya rejeta hayaingii.

Namna ya kuchukua sampuli, maana nusu ya majibu mabaya yanatokana na hapa: zima injini ikiwa moto baada ya mwendo wa angalau dakika 20. Futa boliti ya kumwagia na eneo lake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Fungua, acha kama lita moja ipite, kisha kinga mililita 100 kwenye chupa mpya ya maabara ukiwa katikati ya mtiririko. Wala usikinge kutoka kwenye beseni. Andika kilomita za gari, kilomita za oili, na lita ulizoongeza. Ukiongeza lita moja kwenye sampu ya karibu lita tano, umepunguza kila namba kwa sehemu ya tano, na chuma 33 itakudanganya kuwa ni nafuu. Maabara zinazopima oili za majenereta, migodi na meli zinapokea sampuli za magari madogo pia. Waambie ni injini ya petroli na uombe kipimo cha petroli, maana si kila kifurushi kinacho.

#9 MzeeTapeti

Mashine ya maabara haioni chembe kubwa, inaona zile za mikroni chache tu. Beringi inayobanduka vipande inaweza kutoka na karatasi safi kabisa. Kwa hiyo pasua filta.

Iache ivuje usiku kucha. Ipasue kwa kikata filta cha kuzungusha. Msumeno unaacha unga wake wa chuma na utajitia hofu bure. Toa karatasi, ikate kwa kisu kandokando ya vifuniko viwili, ikunje, iweke katikati ya mbao mbili na uibane kwenye jiriwa hadi oili iache kutiririka. Itandaze juani juu ya gazeti jeupe, ipindepinde. Vipande vinavyometameta vya manjano au fedha visivyovutwa na sumaku ni beringi. Vinavyosimama wima kama nywele sumaku ikipita chini ya karatasi ni mbegu, roka au ringi. Vipande vichache vidogo baada ya ovahoo ni kawaida, vinavyozidi kwenye filta ya pili si kawaida.

Tena tumia fila geji. Hii ndiyo maabara ya bei rahisi kuliko zote. Panga tapeti (nafasi kati ya mbegu na roka) kwa karatasi ya kamshafti yako (za kiwandani injini ikiwa moto ni 0.25 mm kwa ingizo na 0.30 kwa ekzosi), kisha pima tena baada ya kila kilomita 1,500 kwa joto lile lile, uandike zote 12. Tapeti moja ikilegea kutoka 0.25 hadi 0.35 wakati nyingine zimetulia, mbegu ile au roka ile inaliwa. Ikikaza, vali inazama kwenye kiti chake. Andika namba kwa kila moja, usiandike "ziko sawa".

#10 Geji_na_Bomba

Petroli asilimia 4 kwa DCOE, fuata mpangilio huu:

1. Presha ya petroli. DCOE inataka karibu psi 3. Pampu ya umeme bila regyuleta inasukuma zaidi, nidili (sindano inayofunga petroli kwenye kabureta) haifungi, petroli inashuka silinda na kuosha oili kwenye kuta. Kama bado una pampu ya mitambo kwenye hedi, kagua pia diaframu yake.

2. Kimo cha boya kwenye kabureta zote tatu.

3. Jeti. Nairobi iko kama mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyembamba kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina kwa kipimo cha Mombasa. Jeti kuu ya 135 yaweza kushuka hadi 130. Lakini mwendo wa kawaida barabarani kwenye DCOE unalishwa na jeti za aidoli, sio jeti kuu, na hapo ndipo wengi hawagusi. Tumia geji ya uwiano wa hewa na petroli, usiamini rangi ya plagi pekee.

Kwa vumbi: toa chujio la hewa, pitisha kidole ndani ya koo la kila kabureta, NYUMA ya chujio. Ukipata unga mwekundu, vumbi linapita. Mara nyingi chujio ni zima, shida ni bamba la nyuma ambalo halikukaa bapa, au chujio la sponji lililokauka oili yake. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wa chujio. Vumbi likipita litaacha njia yake kwenye grisi utaiona.

#11 Kumi_na_Moja

Samahani kwa kuingilia, kwa Porsche 911 ya 3.0 ya kupozwa kwa hewa mambo ni yale yale?

#12 BiSampuli

Dawa na mnato vinafanana, wengi huenda 20W-50 au 15W-50. Tofauti ni tangi. Oili ya 911 inakaa kwenye tangi la pembeni, mfumo mzima una kama lita 13, na kipimo husomwa injini ikiwa moto, inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Ukisoma injini ikiwa imezimwa utaongeza lita ambazo hazihitajiki, na zitapanda hadi kwenye chujio la hewa. Kwa kuwa oili ni nyingi, namba za maabara huonekana ndogo. Usizilinganishe na L24.

#13 PwaniZ

Marejesho, wakuu. Presha ya petroli ilikuwa psi 5.5. Bamba la nyuma la chujio limepinda kwenye kabureta ya tatu, na grisi imeonyesha njia nyekundu kabisa. Tapeti zote zimetulia isipokuwa ekzosi ya silinda ya sita, imelegea kwa 0.04. Nabaki na 20W-50 ile ile au nihame?

#14 Mnato40

Baki nayo. Ukibadilisha oili na ukarekebisha kabureta kwa wakati mmoja, sampuli ijayo haitakuambia kipi kimesaidia. Mwaga hii ya sasa na filta, jaza hadi H ya dipstiki, usipite, maana krenki ikiipiga inatoka povu na povu halilainishi. Kwenye kona ndefu za rali usishuke chini ya nusu kati ya L na H. Chukua sampuli ndogo kwenye kilomita 500 kwa pampu ya kunyonya kupitia bomba la dipstiki, nyingine kwenye 1,500. Petroli ikiwa chini ya 2 na mnato ukibaki juu ya 16.3, oili yako ni sahihi.

#15 MzeeTapeti

Ekzosi ya sita ni mwisho wa bomba la kunyunyizia. Kabla ya kufunga mfuniko, zungusha injini kwa stata plagi zikiwa nje na utazame oili ikifika pale. Isipofika, safisha matundu kwa waya mwembamba wa shaba, usitumie wa chuma, na kaza kiungo.

Na makopo: nunua kwa wakala anayetambuliwa, kagua muhuri wa mfuniko, namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo, na nembo ya KEBS au TBS. Nunua za toleo moja za kutosha msimu mzima. Ukimaliza kopo, litoboe kwa bisibisi kabla ya kulitupa, maana makopo mazima yenye mifuniko mizuri ndiyo yanayorudi sokoni na oili iliyochujwa.

#16 PwaniZ

Tundu la mwisho lilikuwa limeziba nusu, gundi ya gasketi ya bluu. Nimetoa. Sampuli ya kilomita 500 nitaibandika hapa hapa.